Kukopa Arusi, Kulipa Matanga: Ni Nani Alipe, na Alipe Kiasi Gani?

Kila mwaka kurasa za katikati za kitabu hiki hujaa picha za maarusi wa mwaka uliopita. Twamwona bwana arusi na joho lake, bibi arusi na hinna mpaka kiwikoni, mabibi wamekaa mbele na wajukuu wamesimama nyuma. Ni kurasa tunazozipenda kuliko zote, na nakala zake hupelekwa Unguja, Mombasa na Maskati. Lakini liko jambo moja lisiloonekana katika picha hizo, nalo ni hesabu. Haionekani nani aliyelipa ukumbi, nani aliyekopa benki, wala shemeji gani hakuja kwa kuwa alikasirishwa na orodha ya gharama.

Tumeona yafaa mwaka huu tuliseme jambo hili wazi, kwani ndani ya nyumba zetu linasemwa kila siku kwa kunong'ona. Wahenga walisema: kukopa arusi, kulipa matanga. Walikuwa wakisema juu ya mikopo yote, wakaitumia arusi kuwa mfano wa furaha. Siku hizi mfano umegeuka kuwa habari yenyewe: watu wanakopa kwa ajili ya arusi hasa, na matanga ya kulipa huanza kabla hinna haijafifia mikononi.

Tuchukue mfano wa nyumba mbili, ambazo hatuzitaji kwa kuwa zinazofanana nazo ni nyingi mno. Baba wa kijana amezaliwa Ng'ambo, Unguja, na amekaa Uingereza miaka arubaini. Baba wa binti ni mtu wa Mombasa, mji wa kale. Posa imekubaliwa kwa furaha, mshenga amekunywa kahawa, fatiha imesomwa. Wiki ya pili yanaanza mazungumzo ya gharama. Baba wa kijana anasema, "Ndugu yangu, sisi tuko Uingereza, na hapa desturi ni baba wa binti kulipia arusi." Baba wa binti anajibu, "Kaka, sisi ni Waswahili na Waislamu, na kwetu mwenye kuoa ndiye mwenye kutoa." Wote wawili wamesema kweli. Ila tazameni vizuri: kila mmoja ameichagua ile mila inayompunguzia gharama. Wala hakuna aliyewauliza vijana wenyewe, ambao mwishoni ndio watakaolipa.

Basi tuanze na ya kwetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alieleza mambo ya posa na ndoa katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903. Humo twaona kwamba kila kitu kilikuwa na jina lake na mwenyewe wa kukipokea. Mahari ni ya mke. Kilemba ni cha baba. Mkaja ni wa mama, aliyejifunga kiuno baada ya kuzaa. Na yako mengine, kama ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, na haki za somo na wale waliomhudumia biarusi. Mambo hayo yalitofautiana mji kwa mji na kabila kwa kabila, lakini msingi wake ulikuwa mmoja: kila kitolewacho kina sababu, na kila mtu anajua mwisho wake ni wapi.

Upande wa dini, mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe. Sura ya Nisaa, aya ya nne, imeamrisha wanawake wapewe mahari yao, na wakiridhia wenyewe kumwachia mume sehemu yake, hapo ndipo anapoweza kuila. Baba hana fungu humo, wala mjomba, wala mwenye ukumbi. Na walima ni karamu ya upande wa mume. Mtume alimhimiza Abdulrahman bin Auf aifanye japo kwa mbuzi mmoja. Japo kwa mbuzi mmoja! Hakukutajwa wageni mia nne wala jukwaa lenye maua mpaka darini. Yaliyobaki yote, sanduku la nguo, usiku wa hinna, kupamba, taarabu na sare za kina mama, ni desturi. Desturi ni nzuri, na mwacha mila ni mtumwa, lakini desturi hufuata uwezo wa mwenyewe.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hulisahau tunapokumbuka arusi za kwetu. Twasema: "Zamani mtaa mzima ulikula, na hakuna aliyefilisika." Ni kweli mtaa mzima ulikula, lakini mtaa huo huo ndio uliopika. Kina mama walikuja na mapema kuchambua mchele na kumenya vitunguu. Masufuria yaliazimwa. Majamvi yalitandikwa uani na barazani, na uwanja haukuwa na kodi. Huyu alileta kuni, yule nazi, na mbuzi alitoka shamba kwa ami. Gharama ilikuwapo, tena kubwa, lakini ililipwa kwa mikono ya watu zaidi kuliko kwa fedha.

Tulipohamia huku, wengine baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wengine kutoka Uganda mwaka 1972, wengine kwa masomo na kazi miaka ya baadaye, tulibeba idadi ya wageni lakini hatukuweza kuubeba mtaa. Kilburn hakuna uwa wa kupikia watu mia nne, na jirani yako wa ghorofa ya juu hatakubali ubani na ngoma mpaka alfajiri. Kwa hiyo kila kazi iliyofanywa na shangazi kwa mapenzi, leo hufanywa na mtu wa kulipwa kwa saa. Idadi ni ile ile ya Malindi na Makadara, bei ni ya London. Hiyo ndiyo asili ya taabu yetu.

Tufanye hesabu ya mfano, na kila msomaji abadilishe tarakimu kwa kadiri aonavyo kwake. Tuseme wageni 350, na sahani ya mtu mmoja pauni 30. Hiyo ni pauni 10,500. Ukumbi 3,000. Jukwaa, maua na taa 2,000. Picha na video 1,800. Nguo za bibi arusi, mpambaji na hinna 1,700. Kadi, keki na magari 1,000. Jumla pauni 20,000, na bado hatujataja mahari, dhahabu, sanduku wala nauli za jamaa wanaokuja kutoka mbali.

Sasa tuseme kijana anazo pauni 8,000, akakopa 12,000 kwa miaka mitano, riba asilimia 10 kwa mwaka. Kila mwezi atalipa pauni 255 hivi, na mpaka kumaliza atakuwa amelipa karibu pauni 15,300. Yaani pauni 3,300 zimeliwa na benki, ambayo haikualikwa. Na katika miaka hiyo mitano mtoto wa kwanza atazaliwa, pengine na wa pili, kodi ya nyumba itapanda, na kila tarehe ya malipo bwana na bibi watakumbushana nani aliyetaka jukwaa lile. Tusiseme hapa juu ya hukumu ya riba yenyewe. Wenye elimu wanaijua, na wazee wengi wanaokataza riba msikitini ndio wanaoikubali kimya kimya ukumbini.

Weka pembeni yake hesabu nyingine. Wageni 120, ukumbi wa mchana pauni 600, chakula kilichopikwa na jamaa kwa pauni 10 kwa kila mtu, yaani 1,200, nguo na hinna 800, picha 400, halwa, kahawa, kadi na mengineyo 500. Jumla pauni 3,500. Tofauti ya arusi hizi mbili ni pauni 16,500. Kwa vijana wanaopanga chumba kimoja Kilburn au Willesden, fedha hiyo ni hatua kubwa kuelekea nyumba yao wenyewe.

Wako watakaosema: dawa ni michango. Ndugu zetu wa Bara wameupanga utaratibu huo vizuri kuliko watu wote. Huundwa kamati ya arusi yenye mwenyekiti na mweka hazina, vikao hufanywa kila wiki, na kadi huuzwa, ya mtu mmoja bei yake na ya watu wawili bei yake. Kenya wana harambee. Sisi wa pwani tuna kutunza, na kina mama wana upatu wao ambao umeozesha mabinti wengi kuliko benki yoyote. Hatuusemi vibaya msaada huu, kwani ndio ule mtaa wetu wa zamani umevaa nguo mpya. Mchango wa kweli, unaotolewa kwa nia njema na kupokewa kwa shukrani hata ukiwa mdogo, ni baraka.

Walakini mchango nao una madhara yake. Fedha ya kamati huvutia kuongeza badala ya kupunguza: bajeti hupangwa kwa ahadi, ahadi hazitimii zote, na siku mbili kabla ya arusi mwenye arusi hukopa kuziba pengo. Tena kila mchango huandikwa moyoni, kama si daftarini. Aliyekupa pauni 100 anangoja arusi ya mwanawe. Mjane anayefanya kazi ya usafi alfajiri huona haya kuja mikono mitupu, kwa hiyo haji kabisa. Mchango ukishakuwa bei ya mlango, umeacha kuwa mchango na umekuwa tiketi.

Wala tusidhani mashindano haya tumeyapata Uingereza. Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, vyama vya lelemama vya kina mama vilishindana kwa sare, kwa ng'ombe wa kuchinja na kwa karamu, na wako waliouza walichonacho ili chama chao kisishindwe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki 1947, alitumia gazeti lake la Sahifa la mwaka 1930, na baadaye Al-Islah, kuwaonya watu wa pwani juu ya israfu na kuiga wengine. Watu walimsoma, wakasema kweli, kisha wengi wao wakaendelea kama kawaida.

Serikali nazo zimejaribu. Yemen ya Kusini, walikotoka wengi wa jamaa zetu wa Kihadhrami, ilitoa sheria ya familia mwaka 1974 iliyoweka mwisho wa mahari kuwa dinari 100. Umoja wa Falme za Kiarabu ulianzisha mfuko wa ndoa mwaka 1992, wa kuwasaidia vijana wa nchi hiyo wasio na uwezo, msaada wake ukiwa dirham 70,000, pamoja na arusi za pamoja ambapo vijana wengi huoa siku moja kwa gharama moja. Kongo, kwa upande wake, sheria ya familia ya 1987 iliifanya mahari kuwa sharti la ndoa. Uganda, Mahakama Kuu ya juu kabisa iliamua mwaka 2015 kwamba kudai kurudishiwa mahari ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, ijapokuwa mahari yenyewe haikukatazwa.

Tumeyataja haya kwa makusudi, kwani watoto wetu hawaoani tena mtaa kwa mtaa. Binti wa Kizanzibari anaolewa na kijana wa Bukavu. Kijana wa Lamu anaoa Kampala. Neno "mahari" wote wanalitamka, lakini kwa huyu ni haki ya bibi arusi, na kwa yule ni heshima inayopelekwa kwa wazazi na ukoo. Watu wawili wakisema neno moja kwa maana mbili, ugomvi uko njiani. Basi ulizaneni mapema: kwenu mahari hupokewa na nani, hutumiwaje, na baada yake kuna nini kingine? Heri kuulizana barazani kuliko kushtukizana mlangoni siku ya ndoa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo gharama yake ni ndogo kuliko yote, na ndilo linaloachwa. Ni kuandikisha ndoa kwa sheria ya nchi hii. Mwaka 1998 mtu na mwenzake walifungishwa ndoa ya Kiislamu katika mkahawa mmoja wa Southall, hapa London. Waliishi kama mke na mume, wakapata watoto wanne. Walipofarakana mambo yakafika mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba sherehe ile haikuwa ndoa mbele ya sheria ya Uingereza. Ndoa mbele ya Mwenyezi Mungu ni jambo lake, na sheria ya nchi ni jambo jingine. Mwanamke ambaye ndoa yake haikuandikishwa anaweza kuzikosa haki za mke anapoachwa au anapofiwa. Nyumba zinazotumia maelfu ya pauni kwa usiku mmoja zisishindwe na ada ndogo inayomlinda binti yao maisha yake yote.

Kwa sisi wa Kilburn, kumbukeni kwamba barabara kuu ya Kilburn High Road ndiyo mpaka: upande wa magharibi ni Brent, upande wa mashariki ni Camden. Taarifa ya ndoa hupelekwa katika wilaya anayokaa mtu, kwa hiyo maarusi waliokaa mkabala wa barabara moja huenda kila mmoja kwenye ofisi yake. Hungojwa siku 28, na yakiwamo mambo ya uhamiaji huweza kufika 70. Na tangu Februari 2023 hapana ndoa kwa aliye chini ya miaka 18 katika Uingereza na Wales. Kwa hiyo ofisi kwanza, ukumbi baadaye.

Mahari nayo iandikwe, kiasi chake na kama imelipwa au imeahirishwa. Mahakama za hapa zimewahi kuikubali ahadi ya mahari kuwa deni la haki. Kesi maarufu imo katika ripoti za sheria za mwaka 1965. Na mwenye kutoa pete na dhahabu ajue kwamba kwa sheria ya 1970 pete ya uchumba huhesabiwa kuwa zawadi kamili ila ikithibitika ilitolewa kwa sharti. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu kudai zawadi iliyotolewa kwa sharti la ndoa ambayo haikufungwa. Asiyetaka kudaiana kesho aseme leo kipi ni zawadi na kipi ni amana.

Baada ya yote hayo, ni nani alipe? Sisi twaona hivi, na mwenye rai bora atuandikie kwa kitabu cha mwaka ujao.

Kwanza, mahari ni ya bwana arusi kutoa na bibi arusi kupokea, wala isiingizwe katika bajeti ya sherehe. Pili, siku ya ndoa, yaani kahawa, halwa na wageni wa khutba, ni ya nyumba ya binti, na walima ni wa nyumba ya kijana, kila mmoja kwa uwezo wake, bila ya mwenzake kumpangia. Mkitaka kufanya sherehe moja, gaweni gharama kwa idadi ya wageni: mwenye wageni 200 asitake kulipa sawa na mwenye 60. Tatu, anayeagiza ndiye anayelipa. Shangazi akitaka jukwaa la dhahabu, na alilipie kwa moyo mkunjufu. Asiyelipa atoe dua. Nne, kiwango kitajwe na vijana kwanza, kabla wazee hawajasema, kisha kiandikwe karatasini siku posa inapokubaliwa, mbele ya mshenga. Tano, pasikopwe kwa riba kwa ajili ya chakula cha usiku mmoja. Sita, jamaa walio Maskati, Dubai na Unguja waarifiwe wazi kwamba maisha ya Ulaya si mti wa fedha, ili lawama zao zisiwe sehemu ya gharama.

Na kina mama, ambao ndio wenye arusi hasa, tunawaomba jambo moja. Uhai wa mtaa wetu haujafa, umelala tu. Tuurudishe mtindo wa nyumba sita au saba kupika pamoja, huyu pilau, yule biriani, yule sambusa na kachumbari. Tuazimane masufuria, nguo za kupambia na hata jukwaa. Sare iwe leso ya bei ndogo ambayo kila mtu ataimudu. Binti mmoja akianza, wa pili atafuata bila ya haya. Shida ya kuwa wa kwanza ni maneno ya watu, na kwa hiyo yafaa waanze wenye uwezo. Tajiri akifanya arusi ndogo, watu husema ana busara. Masikini akiifanya, husema hana kitu. Mwenye nacho akitangulia, amewafungulia mlango vijana wengi wanaoahirisha ndoa mwaka hadi mwaka, hali wachumba wapo na nia zipo, kwa kukosa fedha za kulisha watu walioshiba.

Arusi ni ya siku moja, au saba tukihesabu fungate. Ndoa ni ya umri. Mzazi anayempenda mwanawe na ajiulize kila anapotia saini: fedha hii inajenga ile ya siku moja, au ile ya umri? Akishajibu kwa haki, hatahitaji tena kuuliza nani alipe. Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu masikilizano, nyumba zenye utulivu, na madaftari yasiyo na madeni.